Kauri za Cherop

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi, na soko la Malindi lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Cherop alitoka katika duka la vyombo akiwa amekumbatia kifurushi cha magazeti kama aliyebeba mtoto mchanga. Alivaa gauni la kitenge cha manjano na viatu vya chini, na nywele alizisuka zikarudi nyuma, kwa hiyo kila mtu aliuona uso wake ukiwa na hofu.

"Njia! Njia! Haya, njia!" Mkokoteni wa maji ulikuja kasi kutoka nyuma. Watu wakaruka kando. Mama mmoja mwenye kikapu cha mihogo akamsukuma Cherop kwa nyonga, na kifurushi kikamponyoka.

Akafumba macho kungoja mlio, lakini mlio haukuja.

Alipoyafumbua, aliona mwanamume amepiga goti moja katika dimbwi la maji ya samaki, mikono miwili mbele, kifurushi ndani yake.

"Nimemdaka," alisema. "Ni wa kike au wa kiume?"

"Ni bata," alijibu Cherop.

"Bata?"

"Wa kioo."

Yule mtu alikitazama kifurushi, akatazama goti lake lililolowa. "Basi nimeingia majini kwa sababu ya bata. Nami nilidhani utaniuliza kama nimeumia."

"Pole. Umeumia?"

"Sijaumia, ila nanuka."

Cherop akacheka. Alikuwa mrefu yule mtu, amevaa bwelasuti ya buluu, na kando yake palikuwa na sanduku la vifaa alilolitupa ili apate mikono. Jina lake Dena, mzaliwa wa Ganda, fundi wa friji na viyoyozi. Kazi yake ilimzungusha mahoteli yote, kutoka Malindi mpaka Kilifi.

"Kilifi ndiko ninakofanya kazi mimi," Cherop alisema. "Hoteli moja pale Bofa. Mimi ndiye napokea wageni."

"Basi nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Nikitaka kujua hali ya bata."

Jioni hiyo hiyo akapiga.

"Bata hajambo?"

"Amefika salama."

"Na mwenye bata?"

"Mwenye bata ametoka dukani, anaenda kwa nyumba."

"Anaenda nyumbani," Dena alimsahihisha. "Sisi huku mtu akienda kwa nyumba, amekwenda kuikagua kama itaanguka."

"Wewe umenipigia kunifundisha Kiswahili?"

"Nimekupigia kukusikia ukikiharibu. Unakiharibu vizuri mno."

Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Akitengeneza kiyoyozi juu ya ngazi, Dena alimpigia kumwambia kwamba bahari ya Watamu inaonekana kutoka pale juu, naye Cherop akamwambia ateremke kabla hajaanguka. Dena alimwita laazizi, mara nyingine alimwita Bibi Bata. Cherop, ambaye kwao Kericho mapenzi hayasemwi kwa maneno mengi, alijifunza kuitika.

Cherop alikuwa amepanga nyumba Kibaoni, Kilifi, chumba kimoja na sebule. Siku ya kwanza Dena alipofika, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, alisimama mlangoni asiingie.

"Ingia basi."

"Natafuta pa kuweka mguu."

Hakutia chumvi sana. Kabati la kioo lilijaa mpaka juu. Juu ya televisheni walisimama tembo wanne wa kauri, kila mmoja mdogo kuliko mwenzake. Kwenye rafu ya ukutani, usawa wa kiwiko cha mtu mzima, palikuwa na farasi mweupe, mwanamwali wa kauri mwenye mwavuli, vikombe visivyonywewa, na vyungu vyembamba vya maua. Hata kimeza cha miguu mitatu karibu na mlango kilibeba taa ya kioo.

"Babangu alikuwa dereva wa lori la majani chai," Cherop alieleza. "Kila akishuka Mombasa alinirudia na pambo moja. Tulikuwa tunakula kwa sahani za bati, lakini rafu yangu ilikuwa na kauri. Alipofariki, mimi nikaendelea kununua."

Dena aliketi pembeni mwa kochi, mikono katikati ya magoti. "Na vikivunjika?"

"Havivunjiki. Mimi hutembea taratibu."

"Na mgeni?"

"Mgeni naye hutembea taratibu," Cherop alijibu kwa mzaha, akaenda zake jikoni kuepua chai.

Dena hakucheka. Cherop hakuliona hilo.

Miezi ikapita. Cherop alianza kumwambia Dena amlete mamake, amwone, wale pamoja. Mamake Dena aliishi Ganda. Watu wote walimwita Mama Mwambire kwa jina la mwanawe wa kwanza. Dena hakukataa, ila kila mara palitokea jambo. Mara mvua imeharibu njia, mara mama yuko shambani na mahindi, mara miguu inamsumbua. Cherop alinunua mchele mzuri, ukakaa mpaka akaula mwenyewe.

Kisha ikaja Jumapili moja. Cherop alikuwa akitoka na vikombe viwili vya chai kumpelekea Dena barazani, akamsikia akizungumza kwa simu, Kigiriama na Kiswahili kwa pamoja.

"Hapana, mayo. Nyumba yake haikufai. Mimi nimeiona. Tuliache tu jambo hili."

Mayo ni mama. Neno hilo Cherop alikwisha kulijua. Akaviweka vikombe juu ya ukuta wa baraza, polepole, kama desturi yake.

"Nyumba ya nani haifai?"

Dena aligeuka ghafla. "Umesikia vibaya, laazizi."

"Basi niambie vizuri."

Dena aliitia simu mfukoni. "Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Miezi yote hii namwalika mama ya mtu, kumbe mtoto wake ndiye anamwambia nyumba yangu haifai. Ni kwa sababu mimi mtu wa bara? Ni kwa sababu sijui kupika samaki wa kupaka? Sema, nijue."

"Cherop, si hivyo. Walahi si hivyo."

"Ni vipi?"

Dena akageukia ndani. Aliutazama mlango uliokuwa wazi, na ndani ile rafu yenye farasi mweupe, kisha akainamisha kichwa.

"Nenda," Cherop alisema. "Na usiniite tena laazizi, huku ukinitangaza kwenu kwamba sifai."

Akaenda. Chai ikapoa katika vikombe vyote viwili.

Alipiga simu siku zilizofuata, Cherop asipokee. Akatuma salamu, zisijibiwe. Mwisho akaacha, na kuacha kwake kukamuuma Cherop kuliko kupiga kwake. Kazini aliwaandikia wageni vyumba bila kuinua uso. Fridah, mkuu wa wasafishaji wa hoteli na rafiki yake, alimvuta kando.

"Wewe, watu wamekuja kupumzika. Unawapa funguo kama hakimu anayewasomea kifungo."

"Nimechoka tu."

"Umechoka au umeachwa?"

"Nimeacha."

"Haya. Uso wako unasema umeachwa."

Alasiri moja, Cherop akiwa mapumziko nyuma ya jiko la hoteli, jina la Dena likatokea kwenye simu. Alitaka kuliacha lilie mpaka linyamaze. Badala yake akapokea, tayari kwa ugomvi.

"Unataka nini?"

"Ni Cherop huyo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu mzima.

Cherop alisimama wima. "Ndiyo. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mamake Dena. Simu nimeichukua mimi, mwenyewe yuko bafuni anaoga. Sasa sema nami upesi kabla hajatoka. Mmegombana?"

"Mama, mimi..."

"Mmegombana. Huyu mtoto hali. Nampa sima, anaitazama kama ya jirani. Nimemuuliza, hasemi. Kwa hiyo nitasema mimi, kwani kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwapisha asikwambie."

"Asiniambie nini, mama?"

"Macho yangu, mwanangu. Daktari amesema ni presha ya macho. Naona mbele tu, kama anayechungulia tundu la ufunguo. Nikikutazama uso nakuona. Lakini ubavuni, huku na huku, sioni kitu. Dawa natia, lakini kilichokwenda hakirudi. Basi nikipita mahali, kiwiko hiki kinabomoa, na hiki kinabomoa."

Mpishi alipita na sufuria akimwomba njia, naye Cherop hakumsikia.

"Nilikaa Malindi kwa mwanangu Mwambire," Mama Mwambire aliendelea. "Mkewe Janet hakunitukana, nisimsingizie. Nilivunja sahani za arusi yake, nikavunja na taa. Akaokota vigae, akaniambia pole, mama. Lakini siku ile ile nikamsikia anavihamishia chumbani vilivyobaki, kimoja kimoja, polepole, nisisikie. Mimi macho ndiyo mabovu, masikio mazima. Nikamwambia Mwambire anirudishe Ganda. Sasa Dena akanisimulia nyumba yako ilivyojaa vitu vizuri, vya marehemu babako. Nikamwambia, mwanangu, huko usinipeleke. Naye akaniambia ni kweli, haikufai. Ndivyo ilivyokuwa. Anatoka huyo. Kwaheri."

Simu ikakatika.

Cherop aliketi juu ya kreti la soda. Mgeni naye hutembea taratibu. Aliyakumbuka maneno yake mwenyewe, na jinsi alivyoyasema huku akienda jikoni, na uso ukamwaka kwa haya.

Alipofika nyumbani alileta katoni, akaanza kufunga kila kitu katika magazeti. Alikwisha kuwafunga tembo wote wanne alipoacha. Aliona anafanya alichofanya Janet. Mama yule angeingia katika sebule tupu, angesikia utupu wake, na angejua ni kwa sababu yake. Akawafungua tembo, akawarudisha. Akalia kidogo, akanawa uso.

Kesho yake alimwendea Fridah. "Mtu akitaka vitu vyake visianguke hata vikigongwa, anafanyaje?"

Fridah alimshangaa. "Unaniuliza mimi, na hapo unapokaa kila siku? Upepo wa kusi ukivuma hapa madirisha yote wazi, unadhani vile vyungu husimama kwa maombi?" Akamshika mkono mpaka ukumbini, akamwambia ainue chungu kirefu cha maua kilichokuwa mbele ya meza ya mapokezi. Cherop alikivuta, kisijongee. Ndani kilijaa mchanga hadi nusu. Sahani ya kauri iliyosimama rafuni nayo ilikuwa imeshikwa kwa gundi laini, ile inayofinyangwa kama unga, ya kubandikia picha ukutani.

"Ukitaka kuitoa unaizungusha polepole, inaachia," Fridah alimwonyesha. "Usiivute, utavunja. Na usije ukatumia nta ya mshumaa. Kwa joto la huku italainika, asubuhi utakuta vimeteleza."

Ushauri wa nta ulichelewa. Usiku uliopita Cherop alikuwa amekwisha kumbandika mwanamwali kwa mshumaa, na alipofika nyumbani alimkuta amesogea hadi ukingoni, mwavuli wake uko hewani.

Alianza upya. Aliuosha mchanga, akauanika uani juu ya gunia mpaka ukakauka, akaujaza katika kila chungu cha maua. Akafinyanga gundi vidonge vidogo, akaviweka chini ya miguu ya farasi, chini ya tembo, chini ya bata. Vilivyo vizito akavishusha rafu za chini za kabati, vyepesi akavisogeza ndani karibu na ukuta. Seremala wa Kibaoni alimkatia vipande vyembamba vya mbao, akavipigilia ukingoni mwa rafu viwe kizuizi. Kimeza cha miguu mitatu alikitoa njiani kabisa; hicho hakuna gundi ya kukitibu.

Palibaki kabati kubwa. Lilikuwa refu, na likisukumwa liliyumba. Hilo lilitaka drili, ukuta utobolewe. Akachukua simu, akamwandikia Dena maneno manne: "Njoo na drili yako."

Alipokuwa akingoja, wazo likamjia. Alikata vipande viwili vya katoni, akaviegemeza kila upande wa macho kama punda wa mkokoteni anavyozibwa pembeni, akavifunga kwa leso kichwani. Sasa aliona mbele tu, kijia chembamba. Akaanza kutembea sebuleni mwake kama mgeni. Kiwiko kikagonga rafu. Rafu ikatikisika, vitu vikalia, hakuna kilichoanguka. Akageuka, nyonga ikagonga kabati, paja likagonga kochi ambalo hakujua liko karibu hivyo. Chumba alichokipenda kilikuwa kimejaa pembe. Hofu ikamshika, akanyoosha mikono yote miwili mbele.

Mikono ikagusa kifua cha mtu.

"Hodi nimepiga," Dena alisema. "Cherop, umefanya nini uso wako?"

Hakuvivua vile vipande. Ilimbidi ainue kichwa sana ili aupate uso wake. "Natembea kama mamako."

Dena akaliweka sanduku lake chini. "Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Kwa simu yako. Ulikuwa unaoga."

"Mayo!" Alishika kichwa. "Ndiyo maana alinikuta mlangoni mwa bafu akacheka peke yake."

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Aliniapisha. Na hata asingeniapisha, ningekwambiaje? Kwamba uchague, marehemu babako au mamangu? Nilimwona alivyorudi kutoka Malindi. Alikaa juma zima mikono amekunja kifuani hivi, asiguse kitu hata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikajiambia, sitampeleka tena mahali pa kumkunja mikono."

"Ungeniuliza, Dena. Mimi ndiye wa kuchagua, si wewe kunichagulia."

"Ni kweli. Nimekosa."

"Na mimi nilikujibu vibaya siku ya kwanza, kuhusu wageni. Sikuwa najua nasema nini."

Dena akamfungua leso kichwani, taratibu, vile vipande vya katoni vikaanguka. Alama za katoni zilibaki mashavuni mwa Cherop, naye Dena akazifuta kwa kidole gumba ingawa hazikuwa za kufutika.

"Niruhusu basi nikuite tena lile jina."

"Toboa ukuta kwanza," Cherop alisema, lakini hakuusogeza uso wake.

Walifanya kazi hadi magharibi. Ukuta ulikuwa wa matofali ya mawe ya matumbawe, unamumunyika, na tundu la kwanza lilimwaga vumbi bila kushika skrubu. Dena akatafuta mahali penye ugumu, akatia plastiki ya skrubu, akafunga vyuma vya pembe juu ya kabati, viwili. Kisha akalisukuma kwa bega lake lote. Kabati halikusema neno.

"Sasa mwite," Cherop alisema.

Mama Mwambire alikuja Jumapili iliyofuata. Alivaa leso mpya mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na kilemba cheupe, na alileta mihogo na nazi ndani ya kikapu. Cherop alimpokea mlangoni kwa shikamoo, akashikwa mkono asiachiwe. Mama aligeuza kichwa kizima mpaka akampata katikati.

"Kumbe mzuri. Dena alinificha na hili."

Akaingia. Hatua ya nne, kiwiko cha kulia kikaipiga rafu kwa nguvu. Vikombe vikalia vyote kwa pamoja.

Mama Mwambire akaganda. Mikono ikarudi kifuani kwa haraka, ikakunjwa. "Nimevunja. Nimevunja nini? Niambieni."

"Hakuna, mama," Cherop alisema. "Hakuna kitu kimevunjika."

"Usinifiche, mwanangu."

"Sikufichi. Gusa."

Akauchukua mkono wa yule mama, akauweka juu ya farasi. Vidole vilisita, vikagusa kwa ncha tu, kama mtu anayepima chuma cha moto. Farasi hakujongea. Mama akamsukuma kidogo, naye farasi akasimama pale pale. Akamsukuma tena kwa nguvu zaidi, akacheka kwa mshangao. Kisha mkono wake ukafunguka wote. Ukapanda mgongoni mwa farasi, ukapita shingoni, ukafika masikioni.

"Farasi. Anatazama huku." Ukaenda kando. "Na huyu ni mwanamke. Ana nini kichwani, mtungi?"

"Mwavuli."

"Mwavuli! Na kuna mvua gani humu?"

Akaenda hivyo rafu nzima, polepole, bila kumwachia Cherop kwa mkono wa pili, akiuliza kila kimoja kililetwa lini na babake, na Cherop akimweleza. Mengine aliyaeleza ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Jinsi lori lilivyosikika kutoka mbali likipanda kilima. Jinsi babake alivyoficha pambo ndani ya koti na kujifanya amesahau. Tembo wanne juu ya televisheni, Mama Mwambire aliwahesabu kwa vidole, akawarudia. Kwa Janet, alisema, alikuwa akiviona vitu kwa mbali tu, hakuwahi kujua vina sura gani. Dena alisimama mlangoni na kikapu cha mihogo mkononi, amesahau kukiweka.

Walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Samaki alikuwa ameungua upande mmoja. Mama Mwambire alisema upande aliopewa yeye ni mzuri.

"Kericho ni mbali?" aliuliza alipomaliza kunawa.

"Mbali, mama. Na kuna baridi."

"Nauliza kwa sababu lazima tuje kwenu, kwa heshima, tuseme na mama yako."

Cherop aliinamisha macho. "Lakini mama, Dena mwenyewe hajaniuliza."

Mama Mwambire aligeuza kichwa kizima, polepole, mpaka akampata mwanawe katika kile kitundu chake cha kuonea. "Hujamuuliza?"

Dena alikuwa na mfupa wa samaki mdomoni. Akautoa, akafuta mikono kwenye suruali yake nzuri. "Cherop, utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa," Cherop alisema. "Laazizi."

"Basi," Mama Mwambire alisema, akiifunga leso yake vizuri mabegani. "Mninunulie sweta. Siwezi kwenda kuposa nikitetemeka."